Kisukuku Bila Lebo ni Jiwe Tu

Wacha niseme moja kwa moja. Kama uko na kisukuku kwa shelfu yako na hujui kilitoka wapi, huna kisukuku. Uko na jiwe lenye sura poa. Na kama kilitoka Turkana, Rusinga ama Baringo kikaishia sebuleni kwako, basi hata si jiwe. Ni kesi inakungoja.

Najua hii itakera watu. Sai kila mtu anapanga keja ikae makumbusho ndogo: shelfu nyeusi, taa za LED za njano, mmea mmoja wa kijani, fuvu la mnyama, kipande cha matumbawe, halafu katikati amonaiti imekatwa nusu, imesuguliwa, inang'aa kama kioo. Video ya sekunde 15, wimbo wa polepole, watu wanaandika "nataka hii". Inapendeza, siwezi kataa. Mimi si adui wa urembo, na sijakuja hapa kukwambia ukae na kuta tupu. Shida yangu ni kwamba tumejua kupamba visukuku na kila kitu isipokuwa kile kitu kimoja kinachovifanya vikuwe visukuku: habari zake.

Fikiria hivi. Kisukuku ni nini? Ni mabaki ama alama ya kiumbe kilichoishi zamani sana, ikahifadhiwa kwa mwamba. Sasa ukitoa "kiumbe gani", ukatoa "kiliishi wapi", ukatoa "lini", kunabaki nini? Uzito. Kitu cha kuzuia karatasi zisipeperuke.

Droo moja Nairobi

Usidhani naongea nadharia. Kuna mnyama anaitwa Simbakubwa kutokaafrika. Hilo ndilo jina lake la kisayansi, si utani, ni Kiswahili chetu kabisa. Aliishi magharibi mwa Kenya miaka kama milioni 22 iliyopita, na alikuwa mkubwa kuliko simba yeyote unayeweza kumwona leo. Ingawa jina linasema simba, hakuwa paka kamwe. Alikuwa wa kundi lingine la wala nyama ambalo liliisha lote, halikuacha mtoto wala mjukuu.

Sasa sikia venye alijulikana. Mifupa yake ilichimbwa miongo minne nyuma mahali panaitwa Meswa Bridge. Ikapelekwa makumbusho ya Nairobi, ikawekwa kwa droo. Ikakaa. Miaka ikapita. Halafu mtafiti Matthew Borths, akiwa anatafuta kitu kingine, akafungua droo na kukuta taya lenye meno ya kutisha. Yeye na mwenzake Nancy Stevens wakaichunguza, na mwaka 2019 dunia nzima ikasikia jina Simbakubwa.

Swali langu: kwa nini hiyo mifupa ilikuwa bado na maana baada ya kukaa kwa giza miaka yote hiyo? Ni kwa sababu kuna mtu aliandika ilitoka wapi. Pale ilipochimbwa panajulikana, mwamba wake unajulikana, kwa hivyo umri unajulikana. Weka taya hilo hilo kwa shelfu ya mtu Kilimani, bila lebo, juu ya kitabu cha rangi ya krimu, katikati ya mishumaa miwili. Miaka 40 baadaye mwenye nyumba anahama, kijana wa kubeba vitu anauliza "hii tunafanyia nini?" na inatupwa. Simbakubwa hangekuwepo. Namaanisha hivyo: kwetu sisi, hangekuwa aliwahi kuishi.

Droo mbaya yenye lebo imeshinda shelfu nzuri isiyo na lebo. Kama hutakumbuka kitu kingine hapa, kumbuka hiyo.

Doo haisaidii

Kuna wale watasema, "Mimi nanunua kwa mnada, nalipa pesa mzuri, hakuna shida." Ehe. Mwaka 2007 mwigizaji Nicolas Cage alinunua fuvu la Tarbosaurus, binamu wa karibu wa T. rex, kwa mnada huko Marekani. Alilipa dola 276,000. Hiyo ni pesa ya kujenga nyumba, si ya kuipamba. Baadaye akaambiwa na serikali ya Marekani kwamba fuvu hilo liliibwa Mongolia, na mwaka 2015 akakubali kulirudisha. Hakushtakiwa, na hakuna aliyesema alijua. Lakini fuvu lilienda na pesa ikaenda.

Kama mtu mwenye mawakili anaweza kuuziwa mali ya wizi kwa mnada wenye mwanga na viti vya ngozi, wewe unayenunua kwa meseji, unatuma pesa kwa simu na unaletewa na boda kwa mfuko wa karatasi, una uhakika gani?

Sasa tuje nyumbani. Sheria yetu ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya mwaka 2006 haijajificha. Kutafuta na kuchimba visukuku kunahitaji leseni. Vilivyo ardhini ni mali ya serikali, yaani yetu sote. Kuvipeleka nje ya nchi kunahitaji kibali. Na ukikutana na kimoja kwa bahati, uko na siku saba za kutoa habari kwa Makumbusho, na uwaonyeshe ni wapi hasa. Kwa hivyo mtu akikuuliza kama unataka "jino la zamani kutoka Turkana" kwa bei ya viatu, hajakuletea bahati, anakutafutia shida. Na mwenye anapiga picha na anaposti ni wewe, si yeye.

Lakini sheria ndiyo sababu ndogo. Sababu kubwa ni Kamoya Kimeu. Mwaka 1984, karibu na mto Nariokotome magharibi mwa Ziwa Turkana, huyu mzee aliona kipande kidogo cha fuvu katikati ya kokoto za rangi karibu hiyo hiyo. Mimi na wewe tungekanyaga tukapita. Yeye akainama. Lakini hakukitia mfukoni akaondoka. Mahali palijulikana, watu wakaja, wakachimba na kuchekecha mchanga, na kile kipande kikawa mifupa ya kijana mmoja karibu mzima, wa miaka kama milioni 1.5 iliyopita. Ndiye Turkana Boy.

Hebu sasa weka hapo mtu wa kupamba nyumba badala ya Kamoya. Anaokota kipande, anasema "hii itakaa poa kando ya kaktasi", anaenda zake. Mvua inanyesha, mto unajaa, mifupa mingine inazama ama inasombwa. Dunia inakosa mmoja wa mababu zake wanaojulikana zaidi, na shelfu moja inapata kijiwe cha kahawia. Hiyo ndiyo hesabu. Kila kitu unachookota bila kuandika, hujui umefunga mlango gani.

"Lakini wazungu walichukua vyetu"

Hii nimeisikia sana, na ni hoja ya kweli kwa nusu. Tendaguru, kusini mwa Tanzania, kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya dinosa kwa tani na tani. Ilibebwa na watu, kwa mabega na vichwa, mpaka bandari ya Lindi. Leo moja ya hao wanyama amesimama Berlin, urefu zaidi ya mita 13. Fuvu la Kabwe, Zambia, lilipatikana 1921 na mpaka sasa liko London. Ukinambia hayo ni mapambo ya sebule ya mtu mwingine yaliyotolewa kwetu, sitakubishia.

Ila angalia vizuri: hasira yako inatoka wapi? Inatoka kwa kujua. Tunajua ni Tendaguru. Tunajua ni Kabwe. Tunajua hata kwamba msimamizi mkuu wa wachimbaji pale Tendaguru alikuwa Mwafrika aitwaye Boheti bin Amrani. Tunaweza kudai kwa sababu kuna maandishi. Jiwe lako lisilo na lebo haliwezi kudaiwa na mtu yeyote, hata kijiji kilipotoka. Kwa hivyo ukisema "wazungu walichukua, na mimi nachukua changu", hujalipiza kisasi. Umemwibia mtoto wa Lodwar kitu ambacho hata mkoloni alimwachia: uwezo wa kusema "hiki ni cha kwetu."

Mnaharibu na vya kando pia

Tuongee sasa juu ya vile vitu mnaweka pembeni, kwa sababu huko ndiko kumeoza zaidi.

Fuvu la swala uliloletewa kutoka safari? Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inataka kibali kwa mabaki ya mnyama wa porini, hata kama ulimkuta amekufa peke yake. Matumbawe na makombe kutoka hifadhi za bahari kama Malindi na Watamu? Huko haturuhusiwi kuokota, na tumbawe likivunjwa halirudi wiki ijayo. Gamba la kasa? Usiniulize hata. Watu wanaweka kisukuku cha kitu kilichoisha kando ya kitu wanachosaidia kukimaliza, halafu wanaita hiyo kupenda asili.

Halafu kuna uongo wa kununua. Ile "kaharabu" ya bei rahisi yenye mdudu ndani, mara nyingi ni sandarusi, ama plastiki kabisa. Na sandarusi si kitu cha aibu! Ni utomvu wa miti uliokaa ardhini muda mfupi kuliko kaharabu, na pwani yetu pamoja na Zanzibar waliuza sana karne ya 19 kwa watengeneza vanishi wa ng'ambo. Iko na historia yake kubwa. Iandike "sandarusi", basi, iwe na heshima yake. Kuiita kaharabu ni kuidharau na kujidanganya. Trilobaiti za Moroko nazo, nyingi ni halali na nzuri, lakini kuna zilizomwagwa kwa resini. Ukiona vipovu vidogo vya hewa, ama muuzaji ana tatu zinazofanana kila mkunjo, jibu unalo.

Sasa nipambe na nini?

Usiseme nimebomoa bila kujenga. Shelfu nzuri ya visukuku inawezekana Nairobi, hata kwa bedsita, na hii ndiyo fomu.

Kwanza, chukua nakala. Watu wanaona nakala ni aibu, kama kuvaa viatu feki. Kwani makumbusho makubwa duniani hufanya nini? Mengi yanaonyesha nakala na kufungia asili mahali salama. Nakala ya fuvu la Turkana Boy iliyoandikwa "nakala" ni kitu cha heshima kuliko mfupa halisi usio na jina. Inaguswa, inapitishwa mkono kwa mkono wageni wakija, ikianguka hujaua historia.

Pili, kama unataka cha kweli, nunua vile vinavyopatikana kwa wingi na vyenye karatasi: amonaiti za Madagaska, meno ya papa kutoka machimbo ya fosfati ya Khouribga huko Moroko. Uliza maswali manne kabla ya kutuma doo. Ni kiumbe gani? Kilitoka wapi hasa, si "Afrika"? Kina umri gani? Risiti na kibali viko wapi? Muuzaji akianza kuzunguka, wewe zunguka uende.

Tatu, lebo ndiyo pambo la kwanza. Kadi ngumu, kalamu isiyofutika, mwandiko wako mwenyewe. Jina, mahali, umri, nani alikipata ama ulinunua wapi na lini. Angalia namba ya Turkana Boy: KNM-WT 15000. KNM ni Makumbusho ya Taifa ya Kenya, WT ni magharibi ya Turkana, halafu namba yake. Herufi tano na namba moja, na mfupa hauwezi kupotea. Tengeneza mtindo wako. Andika namba hiyo hiyo kwa daftari, kwa sababu kadi huanguka nyuma ya shelfu.

Nne, kila kitu cha kando kisaidie kueleza. Ramani ndogo yenye kidoti kilipotoka. Kioo cha kukuzia, mgeni aone mwenyewe. Kipimo cha sentimita. Picha ya ndugu yake aliye hai: nautilasi kando ya amonaiti, papa kando ya jino lake. Na fuvu ukitaka kabisa, chukua la mbuzi. Ndiyo, kile kichwa mlichokunywa supu. Kichemshe tena, kisafishe, kiweke kando ya nakala ya fuvu la mla nyama. Mtoto wa miaka saba ataona tofauti ya meno bila mtu kumwambia kitu. Hakuna mshumaa unaweza kufanya hivyo.

Tano, tumia mikono ya hapa. Stendi ya chuma unachomelewewa na mafundi wa Kamukunji kwa kipimo cha jiwe lako. Bakuli la mawe ya Kisii kutoka Tabaka la kushika meno madogo. Kikoi chini badala ya kitambaa cha kuagiza kutoka ng'ambo. Kiondo cha kuweka daftari na kadi. Mbona shelfu ya msee wa Umoja ifanane na ya mtu wa Oslo, na sisi ndio tuko na mawe yenye hadithi?

Sita, tunza. Usiweke kwa jua kali la dirisha. Usipake vanishi ili king'ae. Usigandishe ufa kwa gundi ya viatu. Visukuku vyenye madini ya pairaiti, ile rangi ya dhahabu, huoza vikikaa kwa unyevu, kwa hivyo vile vipakiti vidogo vinavyokuja na viatu vipya usivitupe, viweke hapo. Na hakikisha shelfu inabeba. Mawe ni mazito, na jirani wa chini anataka kulala.

"Unaua raha, si kila mtu ni profesa"

Hii ndiyo hoja ya mwisho huwa naletewa, na ndiyo inaniudhi zaidi, kwa sababu inadharau watu. Kamoya Kimeu hakuwa profesa. Alianza kama kibarua wa kuchimba. Leo kuna nyani wa kale, Kamoyapithecus, anayebeba jina lake. Hakuhitaji digrii kuinama, kuangalia na kusema ukweli kuhusu alipopata kitu. Kuandika kadi ya mistari minne kunakushinda wewe mwenye simu ya ngiri 60?

Na raha gani hiyo inakufa kwa sababu ya jina? Mgeni akiingia kwako akaona jiwe linang'aa, atasema "poa" na kurudi kwa simu yake. Akiona kadi inasema "mnyama huyu aliogelea baharini miaka milioni 110 iliyopita, mahali ambapo leo ni Madagaska", atanyamaza kidogo. Atakishika. Atauliza. Hiyo kimya ndiyo nataka kwa nyumba zetu, maana tumekaa tukiambiwa kwamba historia ya dunia ilianzia kwetu, halafu hatuna hata moja ya kumwonyesha mtu.

Na kama hauna hata shilingi, bado huna kisingizio. Fort Jesus imekalia na kujengwa kwa matumbawe ya kale. Nyumba za zamani za Lamu, vivyo hivyo. Sogea karibu na ukuta na utaona maumbo ya viumbe vilivyoishi baharini kabla ya mji wowote. Usibandue. Piga picha, ichape, iweke kwa fremu, na chini yake uandike mahali na tarehe. Hicho ni kipande cha mkusanyiko wako, na hakijatoka mahali pake.

Kwa hivyo usiniletee tena video ya shelfu yako yenye taa. Niletee lebo. Piga picha ya kadi, si ya jiwe. Kama kadi haipo, zima taa kwanza, tafuta kalamu.